Kung'aa kwa Seli si Kipimo cha Zinki

Umeenea katika maabara za kemia za nchi nyingi mtindo mmoja ambao wakati umefika wa kuusema waziwazi. Mkemia hutengeneza dawa mpya yenye kung'aa inapokutana na zinki. Huwamwagia dawa hiyo seli zilizooteshwa katika kisahani, kisha huzimwagia seli hizo hizo chumvi ya zinki. Hupiga picha mbili chini ya hadubini, ya kwanza ikiwa giza tupu na ya pili ikiwa na kijani kinachowaka, halafu hutangaza kwamba imepatikana njia mpya ya kuiona zinki ndani ya seli hai. Picha huchapishwa, sifa humiminwa, na mwezi unaofuata huzuka mwingine na dawa yake. Dawa za namna hiyo, ambazo hapa zitaitwa vitambuzi, zimekwisha kutangazwa kwa mamia. Zilizowahi kujibu swali ambalo mtengenezaji hakulijua jibu lake kabla ya kuanza ni chache mno.

Mtu aliyetia zinki kwa mkono wake mwenyewe, kisha akashangilia kuiona, hakugundua kitu.

Pengine itaulizwa: zinki ni nini hata igombaniwe hivi? Kwa watu wengi ni ule utando wa kijivu unaolikinga bati la nyumba lisile kutu, au ni kopo la betri ya tochi. Wauguzi wa zahanati wanaijua kwa sura nyingine. Tangu Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipotoa tamko la pamoja mwaka 2004, mtoto anayeharisha hupewa vidonge vya zinki pamoja na maji yenye chumvi na sukari. Kisiwani Pemba watoto zaidi ya 40,000 walihusishwa katika utafiti mkubwa wa vidonge hivyo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Na kabla ya hapo, mwaka 1961, daktari Ananda Prasad na wenzake walikuwa wameandika habari za vijana wa Shiraz, nchini Iran, waliodumaa kimo na kuchelewa kubalehe, nao wakashuku upungufu wa zinki katika chakula. Uchunguzi uliofuata nchini Misri ukaithibitisha shuku hiyo. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 2 au 3 tu za madini haya, ambazo hazifiki kijiko kimoja cha chai cha sukari. Hata hivyo, katika kila protini kumi za mwanadamu, moja hivi huihitaji zinki ili isimame katika umbo lake au ifanye kazi yake. Insulini hulala ndani ya kongosho ikiwa imefungamana na zinki. Tezi dume imejaa zinki. Baadhi ya neva za ubongo, hasa zile za sehemu inayohusika na kumbukumbu, zina zinki iliyohifadhiwa katika viriba vidogo mno mahali zinapokutana neva na neva.

Kwa hiyo swali la zinki iko wapi, kiasi gani, na inakwenda wapi, si swali la mchezo. Ni swali la kisukari, la saratani, la kiharusi na la usahaulifu wa wazee. Ndiyo maana inasikitisha kuona likifanyiwa mzaha.

Ugumu wenyewe unafahamika. Chuma huipa damu ya mwanadamu wekundu wake. Shaba huwapa kamba na pweza damu ya buluu. Zinki haitoi rangi yoyote. Ioni yake ina elektroni 10 katika tabaka lake la nje, zimekamilika mbili mbili, haikubaki hata moja ya kuuchezea mwanga au kuvutwa na sumaku. Vyombo vinavyowaonyesha wanasayansi chuma na shaba ndani ya protini hupita juu ya zinki kama kwamba haipo. Ili ionekane katika seli iliyo hai, hapana budi ishikwe na kitu kingine ambacho chenyewe kinaonekana.

Kitu hicho ndicho kitambuzi. Kimeungwa kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni rangi inayong'aa, na mara nyingi ni fluoreseini, iliyotengenezwa na mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871. Hii ndiyo rangi ambayo waganga wa macho huitia jichoni ili mkwaruzo uonekane kwa mwanga wa buluu. Sehemu ya pili ni mfano wa mkono wa kuishika zinki, wenye atomi za naitrojeni. Mkono ukiwa mtupu, elektroni hutoka kwenye naitrojeni na kuurukia upande wa rangi, na mng'ao huzimika. Zinki ikishikwa, elektroni ile huzuiliwa mahali pake, na rangi huwaka. Ni ubunifu mzuri, hapana anayeweza kuukanusha. Mwaka 1987 Frederickson na wenzake nchini Marekani waliitumia dawa ya jamii ya kwinolini iitwayo TSQ kuonyesha zinki ya neva katika vipande vya ubongo. Mwaka 1993 wataalamu wa Australia wakaleta ndugu yake, Zinquin, inayoingia katika seli hai. Mwaka 2000 zilitokea kwa pamoja jamii mbili zenye msingi wa fluoreseini, Zinpyr ya Stephen Lippard na Roger Tsien nchini Marekani, na ZnAF ya Tetsuo Nagano na wenzake mjini Tokyo. Watu hao walikuwa na swali, wakatafuta chombo. Waliowafuata, kwa wingi wao, wana chombo na hawana swali.

Sasa yatazamwe madai yenyewe. Hesabu inayohitajika si ngumu, mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Zinki yote iliyomo katika seli ya mnyama ina mkolezo wa mikromola 200 hivi au zaidi, lakini karibu yote imeshikwa na protini. Iliyo huru katika saitoplazimu, yaani ile ambayo vitambuzi hudai kuipima, ni pikomola mia kadhaa tu. Maana yake ni kwamba katika ioni milioni moja za zinki ya seli, zilizo huru ni mbili tatu. Kwa bakteria mambo ni makali zaidi. Mwaka 2001 Outten na O'Halloran walionyesha kwamba katika seli moja ya E. coli haitarajiwi kukutwa hata ioni moja ya zinki iliyo huru kabisa.

Mkemia naye hutia kitambuzi kwa mkolezo wa mikromola 5. Kwa kila ioni moja huru huwa pana molekuli kama 10,000 za kitambuzi zinazoitafuta. Tena hiyo ni hesabu ya upole. Vitambuzi vingi huvikwa kofia za esta ili vipenye ukuta wa seli. Vikishaingia, seli huzikata kofia hizo, navyo hunaswa ndani na kuzidi kujazana kuliko vilivyokuwa nje.

Ni sensa ya namna gani hiyo? Ni sawa na kupeleka makarani 10,000 kuhesabu watu katika nyumba yenye mtu mmoja, na kila karani ana amri ya kumkamata amwonaye asimwachie. Makarani hao hawatarudi na jibu la mtu mmoja. Watavunja milango ya majirani. Na ndivyo inavyotokea ndani ya seli: zinki huru ikiisha kushikwa, protini huachilia nyingine, nayo hushikwa, na mwanga unaoonekana mwishoni ni wa zinki iliyotolewa mahali pake na kipimo chenyewe. Mpimaji ameandika katika daftari lake kitu ambacho hakikuwapo kabla hajafika.

Lipo jambo baya kuliko hilo. Vitambuzi vingine haviiondoi zinki kwenye protini. Hujipachika juu yake ikiwa bado imo ndani ya protini, vikawaka hapo hapo. Mwaka 2011 kundi la David Petering la Milwaukee, Marekani, lilionyesha kwamba TSQ, iliyokwisha kutumika kwa zaidi ya miaka 20 ikisifiwa kwa kuonyesha zinki huru au iliyoshikwa kwa ulegevu, hung'aa ikiwa imeungana na protini zenye zinki. Kuhusu Zinquin kundi hilo hilo lilitoa habari zinazofanana na hizo. Ni picha ngapi zilizochapishwa katika miaka hiyo 20 zikiwa na maelezo yasiyo ya kweli chini yake? Na ni wangapi kati ya waliozichapisha waliorudi kuzisahihisha? Baada ya mwaka 2011 dawa hizo ziliendelea kununuliwa na kutumiwa vile vile, na sentensi ile ile ya utangulizi ikaendelea kunakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti.

Watetezi wa mtindo huu wana jibu lao. Husema kwamba baada ya seli kuwaka huitia dawa nyingine, TPEN, yenye mshiko mkali wa zinki, na mwanga huzimika. Basi imethibitika kuwa iliyoonekana ni zinki. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. TPEN ikizima mwanga, imethibitika kwamba mwanga ulitokana na metali ambayo TPEN inaweza kuishika. Haikuthibitika kwamba metali hiyo ilikuwa huru, wala kwamba ilikuwa nyingi au kidogo, wala kwamba ilikuwa mahali inapodaiwa. TPEN huipora zinki hata kutoka kwa baadhi ya protini, na seli ikiachwa nayo muda mrefu hufa. Anayemleta shahidi wa namna hiyo peke yake barazani asishangae hakimu akitaka na mwingine.

Na hata kipimo hicho cha nusu ukweli, wako wanaokiruka. Hapa pana kisa ambacho kila mwalimu wa sayansi angefaa kukijua. Mwaka 1985 Tsien, akiwa na wataalamu wa Italia, alichunguza aina mbili za seli za saratani ambazo zilionekana kuwa na kalsiamu ndogo isivyo kawaida. Kitambuzi cha kalsiamu cha siku zile, quin2, ndicho kilichosema hivyo. Walipotia TPEN, kalsiamu ya seli hizo ikaonekana kuwa ya kawaida kabisa. Hapakuwa na upungufu wowote. Metali nzito zilizokuwamo ndani ya seli zilikuwa zikiuzima mng'ao wa quin2, na mtu asiyejua angeandika kitabu kizima juu ya saratani na upungufu wa kalsiamu. Katika mwaka huo huo Tsien na wenzake walitangaza fura-2, kitambuzi cha kalsiamu kilichokuja kutumika katika maabara nyingi duniani, na ilijulikana tangu hapo kwamba fura-2 huishika zinki kwa nguvu kuliko inavyoishika kalsiamu yenyewe.

Onyo lilitolewa basi, na aliyelitoa si mpinzani wa vitambuzi bali ni baba yao, ambaye mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya protini ya kijani yenye kung'aa. Je, lilisikiwa?

Kwa miaka mingi wataalamu wa kiharusi walifundisha kwamba seli ya ubongo ikinyimwa damu hufurika kalsiamu, na kwamba mafuriko hayo ndiyo huiua. Dawa za kuzuia kalsiamu zilijaribiwa kwa wagonjwa, nimodipini ikiwa mojawapo, na kwa wale ambao mshipa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda hazikuleta manufaa yaliyotarajiwa. Mwaka 2006 Stork na Li walichukua vipande vya ubongo wa panya, wakavinyima oksijeni na sukari, wakavitazama kwa kitambuzi kinachouzwa kwa jina la kitambuzi cha kalsiamu. Mwanga ulipanda kama ulivyopanda kwa watangulizi wao wote. Kisha wakatia TPEN, ambayo haina haja na kalsiamu. Mwanga ukashuka. Sehemu ya kile kilichoitwa mafuriko ya kalsiamu ilikuwa ni zinki. Waandishi hao waliweka neno "swali" katika kichwa cha habari cha ripoti yao, nao walikuwa na haki.

Haisemwi hapa kwamba kalsiamu haina hatia, wala kwamba dawa zile zilishindwa kwa sababu ya zinki. Kushindwa kwa dawa huwa na sababu nyingi. Linalosemwa ni kwamba kati ya mwaka 1985 na mwaka 2006 ni miaka 21, na katika miaka yote hiyo kipimo cha kutofautisha kalsiamu na zinki kilikuwa kinajulikana, nacho ni cha dakika chache tu. Wagonjwa wa kiharusi walikuwapo katika miaka hiyo 21.

Wengine watadai kwamba makosa hayo ni ya dawa za zamani na kwamba za sasa ni safi. Hoja hiyo haina msingi. Fluoreseini hubadilika mng'ao wake kulingana na tindikali, na viriba vinavyohifadhi zinki katika kongosho vina tindikali. Kiriba kikipoteza tindikali yake mwanga hupanda bila zinki kuongezeka hata ioni moja. Aidha zinki ni mchafuzi mkubwa wa maabara. Imo katika vizibo na glavu za mpira, kwa kuwa mpira hutengenezwa kwa kutiwa oksidi ya zinki. Imo katika seramu inayolisha seli, na katika maji yasiyosafishwa vya kutosha. Mwaka 2003 Alan Kay wa Chuo Kikuu cha Iowa alichapisha matokeo yaliyowakasirisha wengi. Alisema kwamba katika vipande vya ubongo alivyovichunguza, zinki ilikuwa imetandaa nje ya seli kama rangi iliyopakwa ukutani, na kwamba ushahidi wa neva kuitoa zinki zinapoamshwa ulikuwa mdogo. Ubishi ulidumu kwa miaka. Kazi zilizofuata, zilizotumia dawa zenye kuinasa zinki kwa haraka zaidi, zimeupa nguvu upande wa wanaosema kwamba neva huitoa. Lakini Kay alifanya kazi njema kuliko mia waliochapisha picha za kijani, kwa sababu aliwalazimisha watu kuthibitisha.

Hata vitambuzi vilivyo bora kuliko vyote havijapatana. Tangu mwaka 2009 vipo vinavyotengenezwa na seli yenyewe baada ya kupewa jeni lake. Ni protini yenye rangi mbili, ambayo zinki ikishikwa rangi hizo husogeleana au kuachana, na kinachosomwa ni uwiano wa rangi, si wingi wa mwanga. Kwa hiyo haijalishi sana kama kitambuzi ni kingi au kichache. Amy Palmer wa Colorado ana vyake, na Maarten Merkx wa Eindhoven ana vyake. Katika saitoplazimu hukubaliana vizuri. Katika ule mtandao wa utando ambamo seli hutengenezea protini za kusafirishwa nje, kundi la Palmer mwaka 2011 lilipata pikomola 0.9. Mwaka 2014 kundi lililotumia vitambuzi vya Merkx lilipata nanomola 5 au zaidi. Tofauti ni ya zaidi ya mara 5,000. Hata aina za seli zikizingatiwa, tofauti hiyo haifunikiki. Kama mizani miwili ya sokoni ingetofautiana kiasi hicho, moja ikisema kilo na nyingine ikisema tani tano, Wakala wa Vipimo angefunga duka siku hiyo hiyo.

Lakini katika sayansi hilo si la kufungia duka. Makundi hayo mawili yaliweka tarakimu mezani, kila mtu akaziona hazilingani, na sasa kuna kazi ya kufanya. Tarakimu inaweza kukosolewa. Picha ya kijani haikosoleki, kwa kuwa haikusema kitu.

Na mambo yanaweza kufanywa vizuri, asije mtu akadhani kwamba yote ni hadaa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, jimboni Illinois, wakiwamo Teresa Woodruff na Thomas O'Halloran, waliripoti kwamba yai la panya mdogo linaporutubishwa hutema zinki nje kwa mishindo, mabilioni ya ioni kwa mara moja. Kitambuzi kilichotiwa katika maji yanayolizunguka yai ndicho kilichowaonyesha. Wangeweza kuishia hapo, wakapata sifa. Badala yake walirudi kazini, na mwaka 2015 wakachapisha uchunguzi wa njia nne. Mbali na kitambuzi kipya walichokitengeneza mahususi kwa swali hilo, walitumia hadubini ya elektroni na eksrei zinazoitambua atomi ya zinki yenyewe, pasipo dawa yoyote ya kung'aa. Njia hizo zilipatana. Yai lina viriba vipatavyo 8,000 chini ya ngozi yake, na kila kiriba kina atomi za zinki zipatazo milioni moja. Hapo kitambuzi kimekuwa shahidi miongoni mwa mashahidi, amehojiwa, na maneno yake yamelingana na ya wenziwe. Kwa nini wengine wasifanye hivyo? Watasema vyombo vya eksrei ni ghali, na ni kweli ni ghali sana. Lakini kuandika mshiko wa kitambuzi, kiasi kilichotiwa, na hali ya seli kabla ya kutiwa zinki ya kuazima, hakuhitaji mtambo wowote.

Kazi hiyo njema nayo haikusalimika. Mwaka 2016 kundi hilo lilionyesha kwamba mayai ya binadamu pia hutema zinki. Mayai hayo hayakurutubishwa. Yaliamshwa kwa mbinu za maabara, wala mbegu ya mwanamume haikuhusika. Magazeti ya Uingereza na ya kwingineko yakaandika kwamba mmweko wa mwanga hutokea pale uhai wa mwanadamu unapoanza. Habari ikaenea duniani kote, na watu wenye elimu zao wakairudia kwa mshangao.

Hakuna mmweko. Yai halitoi mwanga. Linatoa zinki, nayo, kama ilivyokwisha kuelezwa, haina rangi wala nuru. Unaowaka ni mwanga wa dawa iliyotiwa na mkono wa mtafiti, unaochochewa na taa ya hadubini yake. Dawa ikiondolewa, giza. Taa ikizimwa, giza. Ndani ya mwili wa mama hakuna dawa wala taa. Mwalimu wa biolojia anayelieleza darasa lake kwamba mimba huingia kwa mmweko anafundisha hadithi, na mwanafunzi atakayeandika hivyo katika mtihani atakuwa amekosa kwa uaminifu. Chanzo cha uongo huo si waandishi wa habari peke yao. Waandishi waliokota tabia iliyokuwa imekwisha kuota mizizi maabara, ya kumwonyesha mtu mng'ao na kumwachia aamini kwamba ameona kitu chenyewe.

Wahariri wa majarida ya kemia wana uwezo wa kuikomesha tabia hiyo mwaka huu wakitaka. Wanaweza kuikataa ripoti yoyote ambayo ushahidi wake wa pekee ni seli zilizomwagiwa zinki pamoja na pirithioni, dawa hiyo hiyo iliyokuwa ikitiwa katika shampuu za mba, ambayo huisukuma zinki ndani ya seli kwa wingi usiopatikana kamwe katika maumbile. Wanaweza kumtaka mkemia aonyeshe zinki ambayo seli ilikuwa nayo tangu hapo, au aonyeshe tofauti kati ya seli nzima na seli yenye ugonjwa, na aeleze kitambuzi chake kimekaa katika chumba kipi cha seli na kimejulikanaje kuwa kimekaa humo. Wenye mafungu ya fedha za utafiti wanaweza kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: kitambuzi hiki kinatengenezwa ili kujibu nini? Asiye na jibu anyimwe, akatumie mojawapo ya mamia yaliyokwisha kuwapo. Walimu wa vyuo wanaweza kuwapa wanafunzi wao ripoti moja ya 1985 na moja ya 2006, wazisome pamoja. Na wahariri wa magazeti, kabla hawajaichapa tena picha ya yai la kijani, waandike chini yake jina la dawa iliyotiwa, kiasi chake, na rangi ya taa iliyowashwa.